Kabla ya kuuza kiwanja kwa ajili ya leza

Shikamoo mama mshauri,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tabora mjini, nina miaka 46. Nina mapacha, Kulwa na Doto, wana miaka 19, wote wamemaliza kidato cha sita mwaka huu. Doto macho hayajawahi kumsumbua. Shida ni Kulwa.

Alianza kuvaa miwani akiwa kidato cha kwanza. Tangu hapo karibu kila mwaka tunabadilisha, na kila tukibadilisha namba zimepanda. Cheti cha mwisho kinaonyesha jicho la kulia -3.00 na silinda -1.25, la kushoto -5.00 na silinda -3.00. Hata kwa miwani hiyo mipya analalamika kwamba jicho la kushoto halijatulia. Anasema taa ya barabarani anaiona ina mkia, na herufi ubaoni ina kivuli chake pembeni. Toka mdogo macho yanamuwasha. Kiangazi vumbi likianza ndiyo balaa, anayafikicha mpaka yanakuwa mekundu. Tulishazoea, tukadhani ndivyo alivyo.

Ndoto yake ni jeshi. Amesikia mwenye miwani hachukuliwi, basi hali halali. Shemeji yangu aliyeko Dar alifanyiwa leza ya macho India miaka ya nyuma, akaacha miwani kabisa, na kila akipiga simu wimbo ni huo huo: mpelekeni mtoto. Ametuunganisha na kijana mmoja anayesafirisha wagonjwa. Kijana anasema mgonjwa anapimwa asubuhi, mchana anafanyiwa macho yote mawili, ni dakika chache tu, na tukilipa kishika nafasi kabla ya mwisho wa mwezi tunapunguziwa. Nilipomwambia kuwa hata mimi siku hizi siwezi kusahihisha madaftari mpaka niyasogeze mbali, akasema niingie humo humo, mama na mwana, punguzo litaongezeka.

Pesa hatuna. Baba Kulwa ameamua tuuze kiwanja chetu cha Ipuli na mteja ameshapatikana. Inasubiriwa sahihi yangu tu, maana karatasi zina majina yetu wote wawili. Mama mkwe naye hataki kusikia habari ya India. Anasema leza ni moto, itamchoma mtoto macho, na ameleta asali ya nyuki wadogo kutoka Sikonge ili Kulwa atiwe matone asubuhi na jioni. Kulwa hataki hiyo asali. Ananitazama mimi tu.

Naomba unieleze. Hiyo leza inafanya nini hasa? Ni kweli inachoma? Wanalitoa jicho nje? Je, mtu akipepesa macho katikati ya kazi inakuwaje? Na sahihi niweke au nisiweke?

Mama Kulwa, Tabora

*

Marahaba, Mama Kulwa.

Sahihi usiweke mwezi huu. Simaanishi kwamba leza ya macho ni utapeli. Ni tiba ya kweli, imeshawasaidia watu mamilioni, na shemeji yako hakudanganyi anaposema alirudi bila miwani. Tatizo ni kwamba katika barua yako kuna dalili ambazo daktari makini wa leza akizisikia ataweka mashine pembeni na kuanza kuuliza maswali. Kijana anayetaka kishika nafasi hana sababu ya kuziuliza. Mimi nitaziuliza, lakini kwanza nikujibu ulichouliza, kwa sababu ukijua leza inafanya nini, mengine utayaona mwenyewe.

Mbele kabisa ya jicho, juu ya ile sehemu nyeusi, kuna ngozi angavu isiyo na mshipa hata mmoja wa damu. Madaktari wanaiita konea. Watu wengi hudhani kinachokunja mwanga ndani ya jicho ni lenzi peke yake, kumbe karibu theluthi mbili ya kazi hiyo inafanywa na konea. Umbo lake likiwa zuri na jicho likiwa na urefu unaolingana nalo, picha inatua sawasawa kwenye retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Jicho likiwa refu kupita kiasi, au konea ikiwa imebinuka mno, picha inatua kabla ya kufika. Hapo ndipo mtu anaona vya karibu na kupoteza vya mbali, na cheti chake kinaandikwa namba zenye alama ya kutoa. Hiyo silinda unayoiona kwenye cheti maana yake konea imebinuka zaidi upande mmoja kuliko mwingine.

Leza inachonga konea ili umbo lake libadilike. Ni hilo tu. Haigusi lenzi, haigusi retina, haiongezi wala haipunguzi urefu wa jicho, na jicho halitolewi mahali pake hata kidogo.

Kuhusu moto, mpe mama mkwe kisa hiki, maana ana haki ya kuogopa. Mwaka 1981, katika maabara ya kampuni ya IBM huko jimbo la New York, Marekani, kulikuwa na leza ya mwanga usioonekana kwa macho, ikitumia gesi za agoni na florini. Mwanasayansi mmoja mzaliwa wa India, Rangaswamy Srinivasan, alichukua mabaki ya nyama ya bata mzinga kutoka mezani kwake baada ya sikukuu yao ya Shukrani, akaipiga kwa mwanga ule. Leza nyingine zilikuwa zikiacha nyama imeungua pembeni. Hii ilikata mfereji safi, nyama ya jirani ikabaki kama ilivyokuwa. Mwanga huo hukata vifungo vya molekuli, na tabaka jembamba sana hutoka bila kuunguza kilicho chini yake. Kila pigo huondoa kama robo ya maikroni, na maikroni 1,000 ndizo zinazofanya milimita moja. Mwaka 1988 daktari Marguerite McDonald aliitumia nchini Marekani kwa mara ya kwanza kwenye jicho la binadamu linaloona. Kwa hiyo kuchoma haichomi. Lakini inapunguza, na kilichopunguzwa hakirudi. Hapo ndipo penye Kulwa wako.

Wewe uko Tabora, nchi ya mninga, kwa hiyo umeshamwona fundi seremala akipiga randa. Ubao mnene uliokauka vizuri ukiupiga randa unanyooka na unabaki hivyo. Ubao mwembamba ambao bado unajikunja, randa inaumaliza. Konea ya kawaida katikati ina unene wa kama maikroni 540, zaidi kidogo ya nusu milimita. Katika njia inayoitwa LASIK, daktari hukata kifuniko chembamba cha kama maikroni 110, akakikunja pembeni, akachonga chini yake, kisha akakirudisha. Kila namba moja ya miwani inakula maikroni 12 mpaka 15 hivi, kutegemea upana wa eneo linalochongwa. Na sheria ya madaktari ni kwamba chini kabisa zisibaki pungufu ya maikroni 250. Wengi wanataka zibaki 300, walale usingizi.

Tupige hesabu ya jicho la kushoto la Kulwa, wewe ni mwalimu hutachoka. Namba 5 na silinda 3, upande mzito unafika 8. Tukichukua maikroni 14 kwa kila namba, ni 112. Kama konea yake ni 540, toa 110 ya kifuniko, toa 112 za kuchonga, zinabaki 318. Inawezekana. Lakini kama konea yake ni 450, zinabaki 228, na hapo hakuna daktari mwenye kujiheshimu atakayegusa. Kulwa ana ngapi? Hamjui, kwa sababu cheti cha miwani hakisemi. Na hamuwezi kuuza kiwanja kwa hesabu yenye namba moja inayokosekana.

Tena unene peke yake hautoshi. Rudi kwenye barua yako mwenyewe uisome kama vile ni ya mzazi mwingine. Namba zinapanda kila mwaka. Jicho moja limeliacha lingine mbali. Silinda imefika 3. Miwani mipya kabisa lakini jicho halijatulia. Taa ina mkia, herufi ina kivuli. Na mtoto anayafikicha macho tangu utotoni.

Namba kupanda katika umri wa shule ni jambo la kawaida, jicho linakua na mwili unakua. Hilo peke yake lisingenishtua. Yakikutana yote hayo kwa kijana wa miaka 19, daktari wa macho anafikiria ugonjwa unaoitwa keratokonasi. Katika ugonjwa huo konea inalegea, inakuwa nyembamba, inasukumwa mbele taratibu na kuchongoka. Mara nyingi unaanza kwenye ujana, unaendelea kwenye miaka ya ishirini, halafu kwa wengi unapoa wenyewe kadiri umri unavyosogea. Watu wenye aleji ya macho na mazoea ya kuyafikicha ndio wanaoupata zaidi. Sisemi Kulwa anao. Kwa barua siwezi, na hata daktari hawezi kwa kumtazama tu. Nasema kwamba kama anao na akapigwa leza ya kuondoa miwani, ule ubao unaojikunja umepigwa randa. Konea inaweza kuporomoka kwa kasi kuliko ambavyo ingekwenda yenyewe, na safari ikaishia kwenye kupandikizwa konea ya marehemu.

Kuna kipimo cha hayo yote. Kinaitwa topografia ya konea, na kile kikubwa zaidi ni tomografia. Mgonjwa anaweka kidevu kwenye mashine, anatazama taa, mashine inachora ramani ya mgongo wa konea na unene wake kila mahali. Haiumi, haichukui muda, na gharama yake ukiiweka pembeni ya bei ya kiwanja cha Ipuli huioni. Anzeni hapo hapo Tabora, hospitali ya Kitete, kwenye kitengo cha macho, muwaeleze kama ulivyonieleza mimi, na muombe rufaa ya kipimo hicho. Hospitali kubwa zenye mabingwa wa macho ni kama Bugando kule Mwanza, KCMC Moshi, Muhimbili na CCBRT Dar. Kabla ya kukata tiketi pigeni simu, muulize kama mashine ya ramani ya konea ipo na inafanya kazi wiki hiyo. Nimeona watu wengi wakisafiri usiku kucha kufuata mashine iliyoharibika.

Mwende na vyeti vyote vya miwani vya nyuma, hata kile cha kidato cha kwanza kama hakijapotea. Namba za miaka sita zikipangwa kwenye meza moja zinamwambia daktari mengi kuliko mgonjwa. Na kama Kulwa anavaa zile lenzi za kubandika kwenye jicho, hukuzitaja lakini vijana siku hizi wanazinunua mtandaoni, azivue wiki mbili kabla ya kipimo. Zile ngumu zinahitaji muda mrefu zaidi. Lenzi inaibana konea na kuibadilisha umbo, ramani ikatoka ya uongo. Sasa unaelewa kwa nini ile ahadi ya kupimwa asubuhi na kufanyiwa mchana sikuipenda. Ipo mahali inafanyika hivyo, tena kwa macho yaliyo rahisi. Kwa macho ya Kulwa, siku ya kupima na siku ya kuamua zisiwe moja, na anayeamua asiwe anayesubiri kamisheni.

Tuseme ramani imetoka safi. Bado leza ingesubiri. Sharti la kwanza ni miaka 18, analo. Sharti la pili ni namba ziwe zimetulia angalau mwaka mzima, zisisogee zaidi ya nusu, na hilo kwa maneno yako mwenyewe hana. Ukimchonga leo kwa namba ya leo, baada ya miaka miwili namba imesogea, miwani imerudi, konea imepungua na pesa imekwenda. Shemeji yako alikwenda akiwa mtu mzima, namba zake zimelala zamani. Jicho lake si jicho la mpwa wake.

Ramani ikionyesha keratokonasi, usikate tamaa, kuna kazi ya kufanya na ikifanywa mapema ndiyo inalipa. Madaktari wa Dresden, Ujerumani, walibuni njia ya kuikaza konea, na matokeo ya wagonjwa wao wa kwanza yakachapishwa mwaka 2003. Jicho linatiwa matone ya vitamini B2, kisha linamulikwa kwa mwanga maalumu wa urujuanimno, nyuzi za konea zinashikana na kukaza. Lengo ni kuusimamisha ugonjwa pale ulipo. Miwani haiondoki, na wengine huhitaji lenzi ngumu za kuvaa ili waone vizuri. Lakini kijana aliyesimamishiwa ugonjwa kwenye hatua ya mwanzo anasoma, anafanya kazi, anaishi. Hiyo ndiyo tiba ambayo, ikibidi, ningekuelewa ukiuza kitu kwa ajili yake.

Wakati mnasubiri, kuna jambo moja mnaweza kuanza leo bila senti: Kulwa aache kufikicha macho. Najua ni rahisi kusema. Macho yakiwasha, aweke kitambaa safi kilicholowa maji baridi juu ya kope zilizofumbwa, na mpate matone ya aleji yaliyoandikwa na mtaalamu. Hapa nakuonya kwa nguvu. Kuna matone yenye steroidi ambayo maduka ya dawa huuzia watu bila cheti, na yanatuliza muwasho siku hiyo hiyo, ndiyo maana watu wanayapenda. Yakitumiwa kiholela yanapandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho, hata kwa kijana. Kama kuna kichupa nyumbani ambacho mmekuwa mkikirudia dukani kila kiangazi, kipeleke Kitete wakisome.

Mama mkwe umwambie kwa heshima kwamba asali yake ya nyuki wadogo ni mali, na mimi ningeipokea kwa mikono miwili kwa ajili ya chai. Machoni hapana. Haikuchemshwa wala kuchujwa kwa ajili ya jicho, inaweza kubeba vijidudu, na kidonda kikipata nafasi kwenye konea huacha kovu jeupe. Tena hakuna tone, la asali wala la duka, linaloweza kubadilisha umbo la konea au urefu wa jicho.

Umeuliza habari ya kupepesa. Mgonjwa wa leza hutiwa matone ya ganzi, halali usingizi, na kope zinashikiliwa wazi na kijichuma kidogo, kwa hiyo hata akitaka kupepesa hawezi. Jicho likisogea, mashine inalifuata, likienda mbali inajizima. Leza yenyewe kuchonga ni sekunde, mara nyingi haifiki dakika kwa jicho moja. Kwenye LASIK kuna wakati jicho linabanwa ili kifuniko kikatwe, na kwa muda mfupi mgonjwa anaona giza. Wasiomwambia hilo mapema humtia hofu ya bure.

Njia ziko zaidi ya moja. Kuna PRK, ambayo haikati kifuniko. Inakwangua ngozi ya juu kabisa na kuchonga hapo. Siku kadhaa za kwanza zina maumivu, na uoni unachelewa kunyooka, lakini hakuna kifuniko cha kulinda maisha yote. Kuna na SMILE, ambapo leza inatenga kipande chembamba ndani ya konea na daktari anakivuta kupitia tundu dogo. Kwa kijana anayewaza jeshi, mbio, kuanguka na kupigwa usoni, habari ya kifuniko ni nzito, kwa sababu kile kifuniko cha LASIK hakirudii nguvu yake ya mwanzo na pigo baya linaweza kukisogeza hata baada ya miaka. Na kwa mtu anayefikicha macho, usinifanye niseme tena.

Madhara madogo yapo pia na wauzaji hawayatangazi. Macho kukauka ndiyo kunakolalamikiwa zaidi, kwa sababu mishipa midogo ya fahamu ya konea imekatwa. Kwa wengi hupungua miezi inavyokwenda, kwa wachache hubaki. Piga picha ya macho makavu katika kiangazi cha Tabora. Usiku taa huweza kuonekana na duara la mwanga kuizunguka, jambo ambalo dereva analisikia kuliko karani. Na baada ya leza mtu anahitaji kuonwa siku inayofuata, kisha tena na tena kwa miezi. Muulize huyo kijana wa kusafirisha wagonjwa: Kulwa akirudi Tabora na jicho likaanza kuuma usiku, nani anamuona? Kama jibu ni namba ya WhatsApp, hilo nalo ni jibu.

Kuhusu jeshi sitabahatisha, na nyinyi msibahatishe. Mnataka kuuza ardhi kwa ajili ya sharti mlilolisikia kijiweni. Baba Kulwa aende kwenye ofisi inayohusika na usajili aulize mambo mawili: kiwango cha macho kinachotakiwa ni kipi, na je, mtu aliyechongwa konea anapokelewa? La pili ndilo watu husahau. Daktari wa usaili akiangalia jicho kwa mashine yake huweza kuona alama ya upasuaji.

Sasa wewe, Mama Kulwa. Kusogeza madaftari mbali ukiwa na miaka 46 ni umri, si ugonjwa, na karibu kila aliyevuka arobaini anaufahamu. Lenzi iliyo ndani ya jicho inakuwa ngumu, haiwezi tena kujikunja ili uone karibu. Leza ya konea haiilainishi hiyo lenzi. Kuna ujanja wa kulirekebisha jicho moja lione mbali na jingine karibu, wapo wanaouzoea na wapo unaowapa kizunguzungu. Kwako wewe mwenye macho mazuri ya mbali, kulipia upasuaji ili usahihishe hisabati ni kujitafutia shida. Miwani ya kusomea inakutosha, utapimiwa siku hiyo hiyo mtakayompeleka Kulwa. Mkiwa hapo omba wakupime presha ya jicho na waangalie mshipa wa nyuma. Ile presha ya macho haiumi na haiwashi, inaiba pembeni mwa uoni kidogo kidogo, na ukivuka arobaini ni vizuri kuangaliwa.

Shemeji yako umwachie salamu zangu, na umwombe jambo moja la maana: atafute karatasi zake za vipimo vya kabla ya leza azihifadhi. Siku akipata mtoto wa jicho uzeeni, daktari atazihitaji kukokotoa lenzi ya kumuwekea. Na akipimwa presha ya jicho popote, aseme konea yake ilichongwa, kwa sababu mashine huwa inasoma chini ya ukweli.

Tena Doto. Umemtaja kwa sentensi moja tu kwa sababu halalamiki, lakini keratokonasi inatembea kwenye familia, na hawa walilala tumbo moja. Siku ya ramani wapeleke wote wawili.